Bitana Mpya ya Klachi ya Trekta la Minyororo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Kubadili Bitana ya Klachi ya Trekta la Minyororo, ambaye ni mimi; Mheshimiwa Makamu, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemwambia akae wima na hasikii; waheshimiwa wajumbe wenye viti; waheshimiwa wajumbe wenye matofali; wageni mlioalikwa, na ninyi mliokuja kwa sababu mmeona watu wamejazana; mkwe wangu mpendwa uliyenuna pale mbele na mtoto mgongoni: kila mtu nimemtaja kwa ukubwa wake, na asiyejisikia kutajwa ajiulize ana ukubwa gani. (Makofi. Makamu anaamshwa.)

Leo ni siku ya kihistoria, na atakayeuliza historia gani atatolewa nje. Najua tuko nje. Atatolewa nje zaidi.

Kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu ni uvivu wenu, trekta letu la minyororo, hili lililoko nyuma yangu chini ya turubai, ni la zamani, limenizidi hata mimi umri, na ndilo litakalochimba mtaro wa kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye nyumba za bondeni, ambako mwaka jana godoro la mkwe wangu huyu lilielea na mjukuu wangu juu yake amelala fofofo, akatoka mlangoni kama mgeni rasmi. (Kicheko. Mkwe hacheki.) Usininunie, mwanangu. Kamati iliguswa. Iliguswa siku ile ile, ikaunda fremuweki, ikaita mastekiholda, ikafanya fizibiliti, na fizibiliti ikarudi na jibu kwamba trekta haliendi kwa sababu ya klachi.

Sasa nawafundisha, msinikatize. Klachi ndiyo inayochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye minyororo; ukikanyaga inaachia, ukitoa mguu inakamata. Ndani yake mna bitana, ndiyo inayosuguana mpaka ikakamata. Bitana ikilika, injini inanguruma, moshi unafuka, kelele hadi mtaa wa pili, na trekta halisogei hata unyayo. (Sauti kutoka nyuma: "Kama kamati.") Huyo ni wifi yangu. Tangu kaka yake anioe hajapendezwa na maendeleo yoyote.

Basi nikaagiza, kwa kinywa changu mwenyewe, aletwe fundi. Akaletwa. Wapo wanaopita vichochoroni wakinong'ona eti aliyeletwa ni fundi cherehani. Nawauliza, fundi si fundi? Nilisema nataka fundi mwenye uzoefu wa bitana, na mzee huyu ametia bitana makoti ya mabwana harusi ambao leo ni mababu, na hakuna aliyerudi kulalamika kwamba koti linateleza. (Fundi cherehani anasimama, anainamisha kichwa, anakaa juu ya mkasi wake, anasimama tena.) Alikuja na futi shingoni, akaniuliza kwa heshima zote, "Mama Mwenyekiti, trekta lako linapenda kubanwa au kupwaya?" Swali hilo mafundi wa gereji hawajawahi kuliuliza, ndiyo maana magari yao yanalia njiani. Nikamwambia abane kiunoni, aachie mabegani.

Alipima juu ya turubai, maana itifaki hairuhusu trekta la umri ule kuvuliwa nguo mbele za watu. Na leo natangaza kwamba bitana imekamilika. Hii hapa, itazameni, msiishike kwa mikono ya mafuta. Satini ya bluu, imeshonwa mara mbili, ina mfuko wa ndani. (Vigelegele. Mtu anauliza mfuko wa nini.) Wa spana. Mambo ya kiufundi niachieni mimi.

Kwa takwimu nilizozipiga mwenyewe kichwani nikiosha vyombo, utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi, na ile kumi tumeitunza kwa ajili ya gia. Kapasiti ya wajumbe imepanda, hata uzito wao umepanda. Ni nani mwingine angeweza? Semeni. (Tone la maji linaanguka juu ya kipaza sauti. Jingine.) Hiyo si mvua. Kamati haijaidhinisha mvua.

(Mkwe anasimama: "Mama, naomba ulifunue hilo trekta tulione. Mvua ikinyesha leo, mtoto nitamlaza wapi?")

Swali zuri sana, mwanangu, na lina utaratibu wake, na utaratibu wake ni kwamba... shikeni hilo turubai. Nimesema shikeni. (Upepo unalibeba turubai. Kuku watatu wanatoka. Nyuma yao mapipa mawili, kitanda kibovu na banda.) Hao ni vibarua wa mradi. Tulieni! Tupige kaulimbiu. Klachi! ("Ikamate!") Klachi! ("Ikamate!") Kamati! ("Iachie!") Vizuri, ila hapo mmekosea. Kamati! ("Iachieee!")

(Wifi anaondoka kufuata jembe. Watu wanamfuata.)

Mnakwenda wapi, sijashukuru! Namshukuru mnunuzi wa vyuma chakavu aliyelipandisha trekta kwenye lori, klachi na vyote, kabla kamati haijaundwa; bila yeye tungelazimika kuifungua hiyo klachi, na hakuna hata mmoja wetu anayejua inafunguliwa wapi. Nawashukuru ninyi kwa kulipigia turubai makofi misimu yote hii. Makamu, amka, chukua sepetu. Mtaro uanzie mlangoni kwa mkwe wangu, na huo si mpango mkakati, ni amri ya mama mkwe.

Nawe mkwe, niletee huyo mtoto, huwezi kuchimba naye mgongoni. Mlete, sitamhutubia. Fundi, nipe bitana nimfunike, mvua hii ina baridi. (Mtoto anaikunja satini ndani ya ngumi, haiachii.)

Haya, semeni tena kwamba fundi hakuwa fundi. Tazameni. Imekamata.