Somo la Chira, Mwaka wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi 1996
Somo la kwanza la falsafa na fikra makini. Maseno, ukumbi wa mabati, wanafunzi arobaini. Nimewaambia kwamba jambo kutangulia jingine si kulisababisha. Jogoo huwika, jua likachomoza. Nani atasema jogoo ndiye aliyelichomoza? Wakacheka. Kisha Shitanda, kiongozi wa darasa, akauliza kuhusu chira, ule ugonjwa wa kukondesha unaompata mvunja mwiko au mtu wa nyumbani kwake. Akasema hiyo ni tofauti, hiyo ni kweli. Darasa zima likamuunga mkono. Aibu! Na Wakhisi, mhadhiri mwenzangu, alikuwa anapita dirishani. Wahadhiri wa muda tuko wawili, nafasi ya kudumu ni moja.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata wazo. Kwetu ni mwiko mdogo kupanda kabla ya mkubwa. Kaka yangu Zadock amelala ndani tangu Januari, anakohoa, jembe hajashika. Basi nitapanda mimi kwanza, mbele ya wanafunzi. Asipokufa mtu, chira imekwisha, na mkuu wa idara atasikia. Mama amesema ningoje Zadock aangushe hata punje moja. Nimemweleza maana ya ushahidi. Akaenda kulisha kuku.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepanda! Mistari mitatu ya mahindi, imepinda kidogo. Darasa zima lilisimama ukingoni mwa shamba. Hakuna aliyekufa. Shitanda aliniangalia kwa huruma, jambo lililoniudhi.

Jioni Wakhisi akaniambia jaribio langu ni bovu. Mgonjwa alikuwa mgonjwa tayari, na akipewa dawa akapona, nani atajua kilichomponya? Hoja nzuri. Inakera. Nimeamua hali zote zibaki vilevile kwa wiki moja: dawa mpya hakuna, hospitali hakuna. Ijumaa ijayo nitamleta Wakhisi mwenyewe aone.

Jumapili, 10 Machi
Zadock ametema damu. Nyingi. Mama ameficha beseni, lakini nimeliona.

Ameniita kitandani, akanishika mkono. Wake ulikuwa moto. Akasema, "Tom, nipeleke Kisumu. Hiyo somo yako utaendelea nayo nikirudi."

Nimemwambia ni siku tano tu. Mama alikuwa mlangoni. "Huyu ni ndugu yako," akasema. "Si chaki."

Baadaye mchungaji akaja kumwombea. Nikamzuia langoni, maana maombi nayo yanabadilisha hali. Akaomba akiwa barabarani, kwa sauti kubwa. Nimeiandika kama dosari ya jaribio. Naogopa. Nakiri hapa kwa sababu hapasomwi na mtu.

Alhamisi, 14 Machi
Zadock amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa darasani nikiwaambia anaendelea vizuri.

Nimelia mpaka koo likakauka. Alinifundisha kuogelea, na alinibeba mgongoni nilipokuwa na surua. Ilibaki siku moja tu!

Jumamosi, 23 Machi
Mazishi. Wanafunzi walikuja wote. Shitanda akasoma rambirambi za darasa, akasema wamejifunza mengi. Waombolezaji wakageuka kuyaangalia mahindi yangu. Yameota vizuri mno. Ningefurahi yangenyauka.

Wakhisi alibeba jeneza. Nami nilienda kushika, nikakuta hakuna aliyeniachia nafasi. Nikatembea nyuma na watu wa kanisa. Mchungaji hakunisalimu.

Jumatatu, 25 Machi
Nimesahihisha insha. Thelathini na tisa zinasema kitu kimoja: mwalimu alipanda, kaka akafa, kwa hiyo chira ipo. Wiki tatu za kufundisha! Afadhali ningefundisha jogoo.

Ya arobaini ni ya Anyango, yule binti wa Kaloleni anayeketi nyuma na hasemi. Wakati wa matanga aliketi na Mama jikoni, kumbe walikuwa wakizungumza. Ameandika mistari miwili: "Chira haikumuua. Aliomba hospitali Jumapili, mwalimu akamwambia angoje."

Niliishika karatasi hiyo mpaka chai ikapoa. Kisha nikaona kosa lake: amemshambulia msemaji badala ya hoja. Nimempa sifuri. Nimepata nafuu.

Jumatano, 27 Machi
Wakhisi amepewa nafasi ya kudumu. Nimempongeza. Mkono wake ni laini kama samli.

Mama hali chakula tangu mazishi. Leo ameanza kukohoa, anashika kifua. Amesema nimtafutie gari la kumpeleka kwa daktari. Darasani wameshapata habari. Shitanda anasema ndiye wa pili, na wengine wameanza kuhesabu siku.

Hapa ndipo mtu dhaifu angekosea. Akimwona daktari sasa, watasema daktari ndiye aliyeizuia chira, nami sitapata tena nafasi ya kuwaonyesha ukweli. Nimemfunika blanketi na kumwambia avumilie mpaka Ijumaa. Wiki hii tunasoma mada ya ushahidi.