Lori Lililong'aa Upande Mmoja

Wananchi wote wa Kasese, Bwera na vitongoji vyake, pamoja na wapita njia wenye nia njema, walitangaziwa rasmi kwamba enzi ya magari machafu imefika mwisho. Tangazo lilitolewa na Ofisi ya Mng'ao wa Magari ya Umma, likasomwa redioni mara tu baada ya matangazo ya vifo, na likabandikwa hadi kwenye mlango wa choo cha stendi. Chini yake palikuwa na saini ndefu ya Bwana Eridadi, Kaimu Mkuu wa Ofisi hiyo.

Neno kaimu lilimkaa Eridadi kooni. Alikuwa kaimu tangu ofisi izaliwe, na fundi aliyeandika mlango wake kule Kasese alilichora neno hilo kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe. Kila Krismasi baba mkwe wake wa Kinyamaseke, mzee Yosamu, alisubiri nyama ifike mezani ndipo amuulize kwa upole: "Na mwenye ofisi atarudi lini?" Mwenye ofisi hakuwapo na hakuwahi kuwapo, lakini jambo hilo halielezeki ukiwa na paja la kuku mkononi.

Ndiyo maana habari ilipofika kwamba Madam Robinah, Mkaguzi Mkuu kutoka Kampala, anakuja Bwera kukagua lori la ofisi, Eridadi alitabasamu peke yake ofisini hadi taya zikamuuma. Madam Robinah alikuwa mwanajeshi mstaafu asiyependa maneno mengi, na ilijulikana kote magharibi kwamba kalamu yake ndiyo inayofuta ukaimu wa watu. Akifurahi, unakuwa mkuu kamili. Akinuna, unarudi kijijini kulima vanila.

Lori lenyewe, tuseme kweli, lilikuwa la takataka. Zamani lilibeba saruji pale Hima, na saruji hiyo ilikuwa bado imelala kwenye viungo vyake vyote. Sasa lilizoa uchafu wa soko la Bwera. Dereva wake alikuwa Loyi, mama wa makamo mwenye sauti ya kufungulia mageti. Njia ya kuingia sokoni ni nyembamba, kwa hiyo Loyi aliingia daima kinyumenyume, kipembe cha nyuma cha kuonya watu kikilia pii, pii, pii, kwa sauti ya kifaranga aliyefunikwa ndoo. Watu wa soko walikizoea. Kikilia, kila mtu anabeba taka zake na kukimbia, maana Loyi hakuwa na tabia ya kungoja.

Eridadi aliunda Kamati ya Mng'ao. Bajeti ya kumwajiri fundi wa kung'arisha magari ilikuwa nono kabisa hadi ilipokutana na kamati hiyo. Wajumbe walilazimika kwenda Mweya kufanya utafiti wa kulinganisha, yaani kutazama magari ya watalii yanavyong'aa huku wakila samaki. Utafiti ulirudiwa ili kuondoa shaka. Baada ya posho, mafuta na fulana za kamati, bajeti iliyobaki ilikuwa na afya njema lakini ndogo, na Eridadi akaiita bajeti ya kizalendo.

Akaibeba hadi Bwera, kwa fundi mmoja aitwaye Hilaire. Hilaire alitoka Butembo, katika nchi jirani, akafungua kibanda chake cha kung'arisha magari karibu na mpaka, na matajiri wa pande zote mbili walimletea Prado zao. Alilizunguka lori mara moja, akaguna, kisha akaulizia bajeti. Alipoambiwa aliguna tena, kwa huzuni zaidi.

"Shefu, na hii franga minaweza kuosha kamiyo yote na maji na sabuni. Itakuwa safi, muzuri kabisa."

"Safi?" Eridadi alishtuka. Alikuwa amejifunza Kiswahili sanifu kwenye semina, na hakupenda kukitumia kwa mambo madogo. "Ndugu fundi, usafi ni kazi ya maji. Mng'ao ni kazi ya serikali. Waraka unataka huduma ya kitaalamu yenye nta, dawa ya kuondoa mikwaruzo, na usuguaji wa kina."

"Ile iko bei, shefu. Na hii franga, ile ya kitaalamu itafika nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya kamiyo."

Mtu mdogo angekata tamaa. Eridadi alifikiri kama kiongozi: mgeni rasmi ana macho mawili tu, na yote yako upande mmoja wa kichwa. Lori likipita mbele ya hema la wageni siku hiyo, nani ataona ubavu wa pili? Akaamuru kwa sauti ya kikao, "Basi tekeleza ubavu unaotazamana na wananchi wanaosimama kando ya barabara, gari linapopita."

"Ubavu ya batu ya pembeni. Nimesikia, shefu."

Loyi, aliyekuwa ameegemea gurudumu, akachomekea, "Bosi, gari hii iko ya takataka. Ikianza kung'aa, takataka mimi nitabeba na nini? Na kichwa?"

"Dereva, hilo ni suala la kisera," alisema Eridadi.

Hilaire alifanya kazi ya mtu anayejua kazi. Alikwangua saruji ya Hima, akatoa lami kwa mafuta, akasugua nati za magurudumu kwa mswaki. Ubavu huo ukapakwa nta hadi ukawa kioo, na akina mama waliokuwa wakienda kanisani walisimama kwanza kufunga vilemba vyao vizuri. Ubavu wa pili ulibaki na matope yake, na mstari uliotenganisha nusu mbili ulikuwa umenyooka vizuri sana. Kwa ukarimu wake Hilaire akasafisha bure hata kile kipembe cha nyuma.

Ili kulinda uwekezaji, Eridadi akatoa waraka: lori la taka lisikaribiane na taka hadi ukaguzi upite. Likafunikwa turubai. Soko la Bwera likaendelea kula, kumenya na kutupa kama kawaida, na lundo lililokuwa nyuma ya vibanda vya samaki likatembea taratibu hadi likafika kando ya barabara kuu. Consolée, muuza samaki wa chumvi kutoka Beni, alimfuata Eridadi na kumwambia kwamba wateja wanashindwa kunusa samaki wake. Eridadi alimshukuru kwa mchango wake.

Asubuhi ya ukaguzi hema lilisimamishwa Bwera, kando ya barabara, upande wa kushoto kama unaelekea mpakani. Ng'ambo ya pili pangefaa zaidi kwa kivuli, ila palikuwa tayari na lundo. Wageni waalikwa walikaa, na katika safu ya pili mzee Yosamu wa Kinyamaseke alitulia na fimbo yake, amealikwa na mkwewe kwa gharama za ofisi ili ashuhudie kwa macho. Eridadi alivaa suti nyeupe. Turubai likavuliwa.

Upande uliong'aa ulikuwa wa kulia.

Eridadi aliuangalia. Akahesabu mikono yake mwenyewe kwa siri, akahakikisha. Uganda magari hupita kushoto. Watu wa pembeni huona ubavu wa kushoto. Akamwita Hilaire.

"Ndugu fundi! Huu si ubavu wa wananchi!"

"Shefu, ni yenyewe," alisema Hilaire kwa mshangao wa kweli. "Kwetu Butembo gari inapita kuume. Batu ya pembeni banaona kuume."

"Hapa si Butembo!"

"Ni kweli," alisema Hilaire, akiangalia mpaka uliokuwa pale pale, umbali wa kurusha jiwe. "Ile ya kushoto minaweza fanya pia. Franga iko wapi?"

Franga ilikuwa Mweya, tumboni mwa samaki waliokuwa matumboni mwa wajumbe. Kamati ikaketi kikao cha dharura nyuma ya hema. Mjumbe mmoja alipendekeza lori litokee upande wa mpakani, hivyo ubavu wa kulia ungeelekea hema. Pendekezo lilikataliwa kwa busara: gari la serikali haliwezi kuonekana likitokea nchi nyingine bila idhini ya mambo ya nje. Kuhamisha hema ng'ambo? Kule kulikuwa na lundo, na lundo halikuwa na mwaliko. Jasho lilianza kupita kwenye kola nyeupe ya Eridadi. Alimwona mzee Yosamu akimtazama, na alijua swali la Krismasi lilikuwa limekaa tayari mdomoni mwake.

Ndipo akili ya uongozi ikamjia. Lori litokee Kasese kama lilivyopangwa, lipite kushoto kama sheria inavyotaka, ila lipite kinyumenyume.

"Narudi nyuma mbele ya Madam?" aliuliza Loyi. "Bosi, banange!"

"Ni ishara ya heshima. Hatumpi mgeni mgongo."

"Mgongo ndiyo utaanza kufika, bosi."

"Endesha!"

Madam Robinah alikuwa ameshafika, akakataa maua, akakataa soda, akakaa. Mshereheshaji akatangaza gwaride la lori. Kutoka upande wa Kasese likatokea, matako mbele, ubavu wa kulia ukimeta hadi wageni wakakinga macho. Eridadi alivuta pumzi. Ilikuwa inawezekana. Alijiona tayari na kopo la rangi, akilifuta lile neno mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha kipembe kikalia.

Hakikuwa tena kifaranga kwenye ndoo. Hilaire alikuwa amekitoa uchafu wa miaka, na sasa kilipiga PII! PII! PII! hadi mbuzi wakakata kamba. Soko zima likanyanyua kichwa. Consolée alisimama juu ya beseni lake, akapaza sauti:

"Inakuya! Kamiyo inakuya! Mama zangu, leteni!"

Wakaleta. Walitoka kwenye kila uchochoro na magunia, mabeseni, maganda ya ndizi, vichwa vya samaki, mabua ya mahindi na masikitiko ya siku zote zile lori lilipokuwa chini ya turubai. Walivuka mbele ya hema bila kuuliza itifaki, maana kipembe kikilia Loyi hangoji mtu. Taka ziliruka juu ya ubavu uliong'aa. Kichwa kimoja cha samaki kiligonga ule mng'ao, kikateleza taratibu, kikaacha alama ndefu. Loyi akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani, akaanza kupanga foleni kwa sauti.

Eridadi alifumba macho. Alisikia kiti kikisogea. Madam Robinah alikuwa amesimama, na alikuwa anapiga makofi.

"Safi!" alinguruma. "Mimi nakagua ofisi mingi. Gari zote inasimama tu, inapigwa picha, inarudi kulala. Hii ndiyo ya kwanza naona inafanya kazi! Nani alipanga hii?"

Hapo palikuwa na sekunde ya ukweli, na Eridadi aliiacha ipite zake. Alifunga kifungo cha koti na kusogea mbele.

"Ni mimi, Madam. Mfumo mzima nimeubuni mwenyewe."

"Kurudi nyuma?"

"Wazo langu, Madam."

"Na raia kubeba taka mbio mbio, kama kuruta?"

"Niliwafundisha binafsi."

"Wewe najua hii kazi ya taka yote?"

"Kuliko mtu yeyote magharibi, Madam. Ni maisha yangu."

Madam Robinah alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akatoa kalamu. Eridadi aliisikia ikikwaruza karatasi, na moyo ukamdunda kwa furaha isiyofichika.

"Kuanzia leo hapana kaimu," alitangaza kwenye kipaza sauti. "Wewe ni Mkuu kamili, wa kudumu, wa Upakiaji Taka, Soko la Bwera. Mtu kama wewe hakai Kasese kwenye kiti. Ofisi ile funga. Kazi iko hapa."

Wageni walishangilia. Aliyepiga makofi muda mrefu kuliko wote alikuwa mzee Yosamu, aliyefuta machozi kwa kona ya koti na kumgeukia jirani yake. "Nilikuwa namngoja miaka yote," alisema. "Leo mwenyewe amefika."

Loyi alishuka, akatafuta nyuma ya kiti, akaja na chepe lililokuwa bado na saruji kidogo kwenye mpini. Aliliweka kwenye mkono wa ile suti nyeupe kwa heshima zote zinazostahili cheo.

"Mkuu, kamata. Lile lundo pale limekungoja," alisema, akipanda tena garini. "Mimi narudi nyuma."