Filimbi ya Klabu na Homa Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli za milimani kaja kibandani kwangu na mita mbili za kitambaa cha bluu. Nishone aproni ya mgawa maji. Nikauliza saizi. Kanitazama tumbo, akasema nijipime mwenyewe.

Kanuni ya klabu: ukishika mkia miaka mitatu mfululizo, huendeshi tena. Unagawa maji. Mimi nimeshika mkia mara mbili, na mashindano ni Jumamosi. Nina miaka hamsini na mbili, siku nzima niko juu ya cherehani. Kule mlimani ndiko ninakopumua. Aproni hapana!

Sihitaji kushinda. Nahitaji kumwacha nyuma mtu mmoja tu. Shemeji yangu seremala, kaka wa mke wangu, hunipita kila mwaka mita kumi za mwisho. Huyo huyo.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Nimeamka mifupa kama imetwangwa. Pua bomba. Homa juu. Mke wangu kaniburuta zahanati. Daktari kasema ni mafua makali, nilale siku saba, nisikaribie watu maana yanasafiri kwa mate.

Yanasafiri kwa mate. Nimelala naliwaza neno hilo. Kesho ni siku ya filimbi!

Usinitazame hivyo, shajara yangu. Nimesali kwanza. Sikusikia nikikatazwa.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Kila mwaka kabla ya mashindano tunasimama duara katika karakana ya shemeji, na filimbi ya klabu inapita mdomo kwa mdomo. Kila mtu anapuliza mara moja. Ndicho kiapo chetu cha kutofanyiana hila njiani. Anaanza mkubwa kwa umri. Yaani mimi! Anafuata shemeji.

Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Nikampa shemeji filimbi imelowa chapachapa. Akaomba radhi, ana kipele mdomoni. Akaigusisha tu kwenye paji la uso wake, kwa heshima zote, akampa fundi bomba. Fundi bomba akapuliza. Mwalimu akapuliza. Kinyozi akapuliza mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ilitoa povu.

Nilitaka kusema. Mungu shahidi. Nikabaki kuhesabu midomo. Watu kumi na wanne!

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Habari mbaya tupu. Fundi bomba yuko kitandani. Mwalimu kafuta vipindi. Kinyozi kampigia mteja chafya akiwa nusu ya kichwa, mteja kakimbia na nusu nyingine.

Shemeji mzima kama chuma. Kaja kuniona, kanichua mgongo kwa mikono yake ya msasa. Nimemkoholea usoni mara tatu. Kanipa pole mara tatu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Nimemuaga mke wangu kuwa naenda kusali. Si uongo, nimesali mlima mzima.

Pale mwanzo tulikuwa wawili. Mimi na shemeji! Wale niliozoea kuona migongo yao wote wanaumwa, na wawili kati yao, kwa mujibu wa mwenyekiti, mwaka huu walikuwa wazito kuliko mimi. Ningewapita bila jasho. Nimewalaza mwenyewe.

Kilomita ya sita shemeji akapata pancha. Nikampita! Nikapiga kengele. Kwenye kilima cha mwisho kikohozi kikanikamata, nikakaa juu ya jiwe nimshukuru Mungu kidogo nikiwa naongoza. Nikasinzia.

Nimeamka nimefunikwa koti la shemeji. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika, ameshaoga.

Nikamwambia mwenyekiti nimekuwa wa pili, na mtu wa pili hapewi aproni. Akafikiri sana.

"Wa pili ni wa pili na wa mwisho ni wa mwisho," akasema. "Wewe ndugu yangu ni wote wawili."

Akanivalisha nishani ya fedha. Kisha aproni juu yake. Inanikaa vizuri mno, hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Nimezunguka kuwatazama wagonjwa, nimebeba machungwa. Wamenisifu kwa moyo wangu. Kinyozi kalia. Nimetubu njia nzima. Hila basi. Nimeapa.

Jumanne, tarehe 12 Machi
Mungu mkubwa! Mwenyekiti kafungua daftari la kanuni: wakianza pungufu ya kumi, matokeo hayahesabiwi. Mashindano yanarudiwa tarehe 23. Nimerudisha nishani kwa furaha, aproni nimeitundika.

Mama mkwe kaingia leo jioni kwa matembezi ya wiki mbili. Macho yote mekundu, yana tongotongo, yanatiririka. Kasema kijijini kwao nyumba nzima wanaumwa macho, ukimpa mtu mkono tu kesho naye hafungui jicho.

Maskini. Nikakumbuka kwamba shemeji hajakaa na mama yake tangu mwaka jana. Mtoto wa kuzaa! Nikamweleza mama kwa upole kwamba kwa shemeji kuna nafasi zaidi. Mke wangu kanishangaa. Nikabeba begi mwenyewe, nikamshika mama mkono mpaka mlangoni kwa mwanawe, nikahakikisha wamekumbatiana sana.

Nimerudi nimetulia kabisa. Jicho la kushoto linawasha kidogo. Vumbi.