Kobe wa Mama Watoto na Joto la Sawasawa

Jumatatu, 7 Julai

Mama watoto ameondoka asubuhi kwenda kwa mdogo wake. Sababu waliyopewa majirani: mdogo mtu amefanyiwa upasuaji wa nyonga na hana wa kumsaidia. Sababu niliyopewa mimi, mlangoni, kwa sauti ya chini: amechoka kupangiwa maisha.

Ameniachia kobe wake. Atakuja Jumapili kumwangalia. Akimkuta mzima na mchangamfu, atarudi nyumbani, maana atajua kwamba ninaweza kukaa na kiumbe bila kumnyima raha. Akimkuta vinginevyo, atamchukua kobe pamoja na nguo zake zilizobaki. Nikishindwa kabla ya hapo, nimkabidhi kwa fundi cherehani wa jirani.

Kwa fundi cherehani! Mtu ambaye hata pazia la dirisha lake limekwenda upande.

Nilikuwa mlezi wa bweni la wavulana mpaka nilipostaafu. Kobe mmoja hanishindi.

Jioni balbu inayompa kobe joto sandukuni mwake imeungua. Nje manyunyu, ndani kuta zinatoa jasho. Sikusikitika sana. Balbu ile ilining'inizwa upande mmoja tu, na kobe alizoea kuota joto kidogo, kisha akaenda kulala upande wa baridi, kisha akarudi tena. Kuzurura kusikokuwa na maana. Chini ya uongozi wangu joto litakuwa sawasawa kila pembe.

Jumanne, 8 Julai

Muuza vifaa vya umeme hana tena balbu za zamani. Alisema za siku hizi zinatoa mwanga tu, joto hakuna, ndiyo maendeleo hayo, mzee wangu. Sikupenda kufundishwa maendeleo na mtu anayejikuna sikio kwa bisibisi. Nikachukua nne, kubwa kuliko zote, nikazifunga pembe zote nne za sanduku.

Matokeo: kobe anaonekana vizuri sana. Kila kunyanzi la shingo. Nilipomgusa, alikuwa baridi kama bomba la maji. Majani hakuyatazama.

Fundi alichungulia dirishani akauliza leo timu gani zinacheza. Nikamwambia akashone. Akajibu kwamba anashona, ila mwanga wangu unamchoma macho, na yeye hakulipia kiingilio.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya.

Nilianza na mawe. Niliyapasha moto jikoni, nikayafunga taulo, nikayapanga sandukuni. Taulo likaanza kunuka, kisha likatoboka. Lilikuwa taulo la mama watoto. Nimelificha nyuma ya kabati.

Nikahamia jiko la mkaa. Ukitaka joto la sawasawa, usipashe sanduku, pasha chumba chote. Niliweka jiko katikati, nikafunga madirisha, nikaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Mwanzoni ilikuwa raha. Nikakaa kwenye kiti cha mama watoto, nikawa namfikiria. Baadaye kichwa kikaanza kugonga. Nilitaka kusimama, magoti yakakataa.

Fundi alikuja kulalamikia harufu ya taulo. Ndiyo bahati. Aliusukuma mlango, akanikokota nje, akarudi kumchukua kobe, akafungua kila kinachofunguka. Kisha akanisema kama anavyosemwa mtoto. Mkaa ndani, madirisha umefunga, una akili kweli? Unataka tukuzike na kobe shimo moja? Nilitapika kwanza, ndipo nikamjibu kwamba angebisha hodi.

Tukakaa barazani mimi na kobe, nimemweka ndani ya koti kwa kukosa pengine pa kumweka. Manyunyu hayakukoma. Baada ya muda akapata joto, akatoa kichwa, akaegemeza kidevu kwenye kifungo changu. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Bila ruhusa yoyote. Sikumkataza, kwa sababu sikuwa na nguvu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempeleka kwa daktari wa wanyama. Msaidizi wake alinikaribisha kwa shikamoo na kicheko alichojaribu kukizuia. Kumbe alipitia kwenye bweni langu. Akamnong'oneza daktari, nikasikia vizuri kabisa, kwamba huyu ndiye yule Mzee Kengele aliyekuwa akiwaamrisha watu wote walale ubavu wa kulia.

Daktari ni mama mwenye haraka. Alimgeuza kobe, akamtazama mdomo na macho, akasema ana baridi na njaa, bado hajaugua. Kisha akanipa maelekezo. Taa maalumu inayotoa joto, itundikwe juu, si chini, kwa kuwa kobe akihisi joto hujichimbia ardhini kulikimbia, na likitoka chini atachimba akidhani analikimbia, kumbe analifuata. Iwe na wavu asiiguse. Iunganishwe na kifaa kinachoizima joto likizidi. Kipimajoto kila upande. Mkaa kamwe, mawe ya moto kamwe. Na jambo kubwa kuliko yote: upande mmoja uwe na joto, upande wa pili uwe na ubaridi kidogo, kwa sababu mnyama huyu hana joto lake mwenyewe mwilini. Hulipata kwa kuhama upande huu na huu. Mwache achague.

Nikamweleza kwamba katika maisha yangu yote ya kazi sijaona kiumbe aliyeachiwa kuchagua akachagua vizuri.

Akasema: "Mwalimu, ukimfungia kwenye joto hatakubishia. Atakufa na adabu zake."

Msaidizi akauliza kama mama watoto hajambo. Alikuwa akiwapikia uji wagonjwa wa bwenini. Nikasema hajambo, anawasalimu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefunga vifaa vyote kama nilivyoelekezwa. Adhuhuri kobe alikuwa chini ya taa, miguu ameinyoosha nyuma kama mtu aliye likizo. Alasiri amekula. Nilijikuta nikiimba.

Kisha akaondoka. Akaenda zake upande wa baridi, akageukia ukuta, akanipa mgongo.

Nimevumilia kadiri nilivyoweza. Mama watoto anakuja Jumapili, na nataka amkute akiwa amekaa kwenye joto, mahali pake, mchangamfu. Je, akifika wakati yule amejibanza pembeni kama aliyekosewa? Nimepima, nimekata kibao, nimeziba upande wa baridi. Kile kifaa cha kuzima taa nacho kilikuwa kinazimazima ovyo, nikakifunga kitambaa chenye maji ili kipoe, kitulie. Kimetulia.

Sasa joto ni sawasawa kila pembe. Hatimaye nyumba ina utaratibu.

Jumamosi, 12 Julai

Tangu asubuhi kobe anakwaruza kibao. Hatua za kwanza za mazoea. Wavulana wapya nao walikuwa wakilia juma la kwanza.

Nilitoka kwenda kununua maua ya mezani. Niliporudi nikamkuta fundi ndani, amepiga magoti kando ya sanduku, kibao kipo mkononi mwake. Alisema amesikia mkwaruzo kupitia ukutani hadi cherehani ikamshinda. Kobe alikuwa amefungua mdomo, povu linamtoka. Akawa anajikokota kwenda upande wa baridi, akafika kwenye sahani ya maji, akatumbukiza kichwa chote.

Nilimwomba fundi asimwambie mama watoto. Ilinichoma kuomba. Nikamwahidi kumpelekea suti yangu aipunguze, na koti pia.

Akasema, "Mimi simwambii kitu, mzee. Atajionea."

Jumapili, 13 Julai

Amekuja. Alikuwa na mkoba wake mkubwa, ule wa safari, umejaa. Aliuweka mlangoni.

Hakuyaona maua. Alikwenda moja kwa moja sandukuni. Kobe yu hai, ila amelegea, na kucha za mbele zimesagika mpaka damu imeganda. Akauliza ni nini hiki. Nikamweleza mpango wote tangu mwanzo, bila kuficha, isipokuwa taulo. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza siku zote.

Akauliza kama kobe alijaribu kutoka.

Nikasema ndiyo, mara nyingi sana, lakini alikuwa ameanza kuzoea.

Akanitazama. Akasema, "Na mimi ulikuwa ukinisikia hivyo hivyo?"

Nikamjibu kwamba swali hilo liko nje ya mada.

Aliingia chumbani akatoa nguo zilizobaki. Fundi alimbebea sanduku la kobe mpaka barabarani, taa juu yake, waya umekunjwa vizuri. Mama watoto alimchukua kobe ndani ya shali yake. Mkoba aliuinua mwenyewe, haukuwa umefunguliwa.

Jumatatu, 14 Julai

Nyumba kimya. Nimekunywa chai nimesimama.

Nimelitafakari jambo hili bila upendeleo na kosa nimeliona. Kibao kilikuwa kifupi. Kwa juu kilibakiza uwazi, kobe akaona upande wa pili, na kiumbe akishaona upande wa pili hatulii tena. Nimemwagiza seremala kingine, kirefu, kisicho na uwazi.

Kikiwa tayari nitakipeleka mwenyewe kwa mdogo wake mama watoto, nikifunge, nikae huko mpaka wote wazoee. Sijawaarifu kwamba nakwenda. Ukiwaarifu watu, wanaanza kuchagua.