Karara Saba za Mtende wa Hadda

Jumanne, 12 Machi

Hadda wangu,

Karara za mtende wako, yale maganda ya maua jike, zimepasuka. Saba. Dada yako mdogo Rebah alizinusa kutoka chini, akasema leo ndiyo siku ya kuzitia maua dume. Zikipita siku tatu, tutavuna tende zisizo na kokwa, za kulisha mbuzi. Nikamwambia nitafanya mwenyewe. Sitaki mti wako ukose kuzaa mwaka huu wa kwanza tangu tukuzike. Nimenunua kitabu. Akauliza kama kitabu kinajua kukwea.

Jumatano, 13 Machi

Kitabu kinataka nyuzijoto ishirini na tano. Nimefunga kipimajoto kwenye shina. Ishirini na moja. Nikasubiri. Rebah alipita mara tatu na punda wake. Mara ya tatu akasema, "Shemeji, mti una homa?"

Alhamisi, 14 Machi

Ishirini na tano kamili, saa saba mchana. Kitabu kinasema unga wa maua dume upulizwe. Nikatumia bomba lako la dawa ya mbu. Nililiosha. Kukwea nilikwea vizuri. Nimeanza tu karara ya kwanza, upepo ukaja. Unga ukaishia kwenye masharubu yangu na kwenye mtende wa jirani Lazhar. Alinishukuru kutoka ng'ambo ya ukuta. Akasema nikishuka nisiukaribie mtende jike wowote, nitautia mimba.

Rebah hakucheka. Alivua kandambili akapanda, na miaka yake sitini na minne, vijiti vya maua dume ndani ya mtandio. Akavichomeka kichwa chini katikati ya karara, moja baada ya nyingine, akafunga kwa ukuti. Alilowesha kidole gumba kwa mate kwanza, kama wewe. Nikageuka kutazama punda.

Nilimwomba aniachie ile moja niliyoipuliza. Akaniachia.

Jumamosi, 15 Juni

Vishada sita vya Rebah vimejaa hadi vinainama. Changu ni cha mbuzi. Lazhar ameahidi kuniletea kikapu cha tende za mtende wake.

Nilimwuliza Rebah aliijuaje siku ile. Akasema utotoni ulimshika shingo, ukamsogeza pua kwenye karara. Hukumwambia neno. Basi.

Nimelifikiria sana jambo hili, Hadda, na kosa nimeliona. Kitabu kilikuwa chembamba mno. Nimeagiza kingine, chenye sura nzima kuhusu harufu.

Ukiiombea mikono ya Rebah, nikumbuke na mimi.