Mama Furaha na Vitu Vilivyoinama

Jumatatu, 3 Juni

Habari imefika! Mzee Stambuli, mwenye karakana, macho yamechoka. Anatafuta wa kumkabidhi ile mashine kubwa ya kuchonga chuma. Wako wawili: binti yangu Furaha, na Luqmani wa jirani yangu Mwamvita. Kila mmoja atachonga visu vya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kazi ya Bwana Dominiko, mfugaji wa Kingolwira. Makali yakatwe mshazari, nyuzi thelathini. Luqmani Jumatano, Furaha Alhamisi. Atakayeshinda anapewa funguo za mashine.

Kwangu matokeo yameshatoka. Furaha ana mikono. Na sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mikono ile ni yangu. Baba yake alichangia pua.

Mwamvita kapita na ndoo, kanisalimu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Eti mashine ile inataka kifua cha mwanaume. Nikamwambia shoga, ingekuwa kifua, si wangempa fahali wa Dominiko? Kaondoka na ndoo haijajaa.

Jumanne, 4 Juni

Nimepeleka magimbi na chai karakana. Si hongo. Magimbi tu.

Nimemkuta Furaha anachagua pleti ya engo. Ndivyo mafundi wanavyoiita. Ni vibao viwili vya chuma vilivyoungwa kwa bawaba, kama kitabu. Cha chini unakifunga kwenye meza ya mashine. Cha juu unakiinua mpaka nyuzi unazotaka, unakaza nati. Kisu kinalala hapo juu, mashine inapita, mshazari huo! Nimeelewa mara moja. Darasa la saba la zamani si mchezo.

Pleti ziko mbili. Moja kubwa, ndefu, ina gurudumu la kuzungushia na namba zimechongwa ubavuni. Ukiiona unataka kuiamkia. Nyingine fupi, nene, imekaa kama chura. Furaha kachagua chura!

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia mwanangu, kwenye mtihani hatuendi na ndala. Akasema mama, visu vyenyewe vidogo, na kazi ikikaa juu sana inatetemeka. Ikikaa chini, karibu na meza, inatulia. Nikasema haya. Sikukubali hata kidogo.

Wakati wa kurudi nikapita gengeni, nikatangaza kwa kila mnunuzi wa nyanya kwamba fundi wa kweli anatumia pleti kubwa. Hesabu yangu: maneno yazunguke, yamfikie Mzee Stambuli, naye amwamuru Furaha. Watu wamesoma vyuo hawana akili kama hii.

Jumatano, 5 Juni

Maneno yamezunguka. Yamefika kwa Mwamvita.

Luqmani kaichukua ile kubwa! Nilipoambiwa nilikaa chini. Pleti ya heshima, kwa mtoto wa Mwamvita, kwa mdomo wangu mwenyewe! Chakula cha mchana sikukiona ladha.

Nikaenda kushuhudia msiba. Loo! Mashine ilitetemeka mpaka vikombe vya chai vikacheza. Luqmani kapunguza mwendo, kakaza nati, kanong'ona bismillahi, wapi. Makali yametoka na mawimbi kama bati la paa. Mzee Stambuli kapitisha kidole juu yake. Luqmani ni mtoto mwenye adabu, kaniamkia huku jasho linamtiririka. Nikamhurumia. Nikampa gimbi.

Jioni nimemweleza Baba Furaha kwamba ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Kauliza mpango gani. Nikamwambia ale chakula chake.

Alhamisi, 6 Juni

Siku yenyewe. Nimevaa kitenge cha harusi ya mdogo wangu. Nimefika mapema na birika.

Furaha ameshamfunga chura mezani, ameinua kibao, kakipima, nati kazikaza nusu, kaenda stoo kuchukua visu. Mzee na Bwana Dominiko wako mlangoni wanaongelea mvua, Luqmani anafagia nyuma. Kwenye mashine hakuna mtu. Nikaangalia kile kibao.

Kimeinama mno!

Najua kinatakiwa kuinama. Lakini si hivyo. Mimi nimekulia Kinole, mlimani, ambako kila kitu kinataka kuteremka. Chungu unakiwekea kijiwe. Kitanda unakiwekea kijiwe. Bibi yangu akikaa kwenye kigoda, anawekewa kijiwe. Mteremko naujua kwa macho, na ule wa Furaha ulikuwa wa kuvunja mguu. Kisu kingeteleza mbele ya wageni!

Nikaweka birika chini. Nikaegemea kibao kwa kiwiko, na mwili wangu mnaujua. Kikashuka kidogo. Nikaokota kijiwe sakafuni, nikakichomeka kwenye bawaba kibao kisipande tena. Kikawa na adabu. Nikarudi kwenye birika langu kama malaika.

Furaha karudi. Bwana Dominiko katazama saa, kasema aanze, ng'ombe wana njaa. Na mimi nikadakia, anza mwanangu, usiwachoshe wageni. Furaha kasema hawashi mashine kabla ya kupima tena. Nikaona aibu, mtoto anajishuku mbele za watu!

Kaweka kipimo. Kapima tena. Kainama kwenye bawaba, akachomoa kijiwe. Hakumtazama Luqmani. Hakumtazama Mzee. Kanitazama mimi.

Akasema, "Mama." Basi.

Mzee kauliza kuna nini. Furaha kasema aliacha nyuzi thelathini, sasa ni ishirini na sita, na angewasha hivyo, visu vyote vingekuwa chuma chakavu. Funguo za mwanangu, na kijiwe changu! Mzee kauliza nani kaweka. Ningeweza kunyamaza. Luqmani alikuwa amesimama pale, wangemdhania yeye. Nikasema ni mimi, nilikuwa nampima mtoto kama yuko makini.

Mzee kacheka mpaka kavua miwani.

Furaha kapanga upya, kakaza nati zote, kapima, kachonga. Chura hakutikisika. Makali yametoka laini, unaweza kujitazama ukapaka wanja. Mzee kasema kupima wakati huna sababu ya kushuku, hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Kampa funguo. Nimepiga vigelegele mpaka Bwana Dominiko kaziba masikio.

Tulipokuwa tunarudi Furaha kanishika mkono. Kaniomba nisiguse tena kitu kilichoinama bila kuuliza. Nimeapa. Kwa jina la ukoo.

Ila moyoni najua. Bila kijiwe kile, Mzee angejuaje kwamba mtoto anapima mara mbili?

Jumamosi, 8 Juni

Furaha kamchagua Luqmani awe msaidizi wake. Moyo huo ni wangu, wa ukoo. Lakini Mwamvita hajanisalimu tangu juzi, na ujirani una thamani. Jioni nimempelekea magimbi.

Nyumba imejaa watu, wanaangalia mpira. Nimepiga hodi, nimepokelewa kwa baridi, magimbi yamepokelewa kwa uchangamfu. Nikaaga, nikapitia uani.

Dishi lao limefungwa kwenye bomba fupi nyuma ya nyumba. Limeinama! Linatazama mawinguni kama mtu mwenye shingo mbovu. Najua dishi linatakiwa kuinama. Lakini si hivyo! Furaha hakuwepo wa kumuuliza, na dishi si la Furaha.

Nikalinyoosha kwa kiwiko, taratibu, kwa upendo. Nikaweka kijiwe.

Nyumba nzima ikapiga ukelele. Goli, nadhani. Hata bahati nimewaletea.

Sasa Mwamvita yuko mlangoni kwangu, anagonga kwa ngumi mbili, ananiita jina langu lote, Maimuna na la baba yangu. Na watu wengine nyuma yake, wengi! Nilijua tu magimbi yatamlainisha. Ngoja nifunge kanga vizuri nikapokee shukrani.