Vidole vya Shemeji

Kinanda aliingia katika ukumbi wa hoteli akiwa na nia safi kabisa: kunywa chai ya bure. Shingoni alivaa kitambulisho cha semina ya ufugaji nyuki iliyokwisha mwaka juzi, amekigeuza kionekane mgongo, na katika mji ule mtu mwenye kamba shingoni na haraka usoni haulizwi anakwenda wapi. Jina la Kinanda alipewa mtaani kwa sababu mdomo wake ulipiga wimbo wowote ambao mteja alitaka kuusikia. Alikwisha kuuza bima ya ndoa, nafasi za kuegesha magari mbele ya benki, na tiketi za tamasha ambalo mpaka leo linasubiriwa. Mara moja tu, kwa shida, alifanya kazi ya halali, na hapendi kukumbushwa.

Siku hiyo ukumbi ulikuwa na mashindano makubwa ya poka, ule mchezo wa karata wa kushindania fedha. Meza zilitandikwa kitambaa cha kijani, na kuzizunguka walikaa watu wazima wenye akili zao, wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Bango mlangoni lilieleza utaratibu. Wachezaji ni wengi mno, kwa hiyo raundi ya kwanza imegawanywa katika siku tatu. Kila mmoja achague siku yake, na watakaosalimika watakutana siku ya nne. Kiingilio kingeweza kumlipa mwalimu mshahara wa mwaka mzima, na bado foleni ilifika kwenye ngazi.

Kinanda alisahau chai. Watu wako tayari kutupa fedha kiasi hiki, aliwaza kwa uchungu wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyejitokeza kuwasaidia.

Ndipo alipomwona Shemeji. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mke wake, na kazi yake ilikuwa kukanda. Hoteli iliajiri wakandaji wapite katikati ya meza na makoti yao meupe, wawalegeze wachezaji mabega bila kuwasimamishia mchezo. Miaka kadhaa nyuma Shemeji alimkabidhi Kinanda akiba yake yote amtafutie chumba cha kupanga: chumba chake mwenyewe, chenye kitanda cha kukandia na mlango wa kufunga. Kinanda alikitafuta kwa bidii mpaka fedha zikaisha kwa kutafuta. Shemeji hakupiga kelele. Kila walipokutana aliuliza tu, "Shemeji, chumba kimefika wapi?" na Kinanda alijibu kwamba kiko njiani.

Sasa Kinanda alimtazama akiwa amesimama nyuma ya mchezaji mmoja, kichwa kimeinama. Mbele ya mchezaji kulikuwa na karata mbili zilizolala kifudifudi. Kweli ni kwamba wachezaji wale walizifunika karata zao kwa viganja viwili, na sheria ya hoteli ilimtaka mkandaji atazame shingo tu. Kweli nyingine ni kwamba Shemeji hakuweza kutofautisha malkia na mfalme hata ukimletea vitambulisho vyao. Lakini kweli hizo nani alizijua?

Kwenye meza ya chai palisimama Mkandarasi, bwana mnene ambaye barabara zake zilisifika kwa kuondoka pamoja na mvua ya kwanza. Kinanda alimsogelea na kujimiminia kikombe.

"Bosi, unacheza leo?"

"Nacheza. Wewe nani?"

"Mimi si mtu wa kujulikana. Unamwona yule mkandaji mwenye kitambaa cha bluu kichwani?"

"Namwona."

"Macho yake yanatazama wapi?"

"Chini."

"Na karata ziko wapi?"

Mkandarasi alitazama meza, akamtazama mkandaji, akatazama biskuti iliyokuwa mkononi mwake. "Ziko chini," alisema polepole.

"Sasa nisikilize. Anawakanda wenzako kwanza, anaona walichonacho. Halafu anakuja kwako. Akibonyeza bega la kushoto, tupa karata zako. Akibonyeza la kulia, endelea nazo. Akikushika shingo, sukuma mezani kila ulichonacho."

"Huu si wizi?"

"Ni wizi, bosi."

"Sawa. Nilitaka tu nihakikishe," alisema Mkandarasi, akafungua koti na kutoa bahasha nene. Ilikuwa na fedha sawa na kiingilio chenyewe, malipo ya huduma mpaka mwisho wa mashindano.

Hapa inafaa tuvue kofia kidogo, maana biashara nzuri namna hii haionekani kila siku. Mwaminifu hawezi kuinunua, na asiye mwaminifu hawezi kuirudisha. Mnunuzi akigundua kwamba amepigwa, ataanzia wapi kushtaki? Atasema alilipa ili waibiwe wengine, akaibiwa yeye?

Kinanda alimvuta Shemeji pembeni. "Yule bwana mnene akikuita, mkande."

"Nimkande vipi?"

"Kama unavyokanda watu wote. Mabega, shingo, basi."

"Na wewe unapata nini hapo?"

"Shemeji, kwani mimi kila kitu nafanya ili nipate?"

Shemeji alimtazama bila kupepesa. "Chumba kimefika wapi?"

"Hiki ndicho kinachokileta. Fungu lako lipo, usiwe na wasiwasi."

Shemeji alirudi kwenye shingo zake. Kinanda naye alipanga awe mbali kabla Mkandarasi hajafilisika, lakini udadisi ni ugonjwa, akabaki nyuma ya kamba iliyowatenga watazamaji. Alichokiona kilimwacha mdomo wazi. Mkandarasi alitupa karata ambazo mtu mwingine angezioa. Alisukuma fedha kwa karata ambazo hata chooni usingeziokota. Wenzake mezani walikuwa wamesoma vitabu, wamejifunza hesabu za uwezekano, wamezoea kuwasoma watu usoni, na usoni mwa Mkandarasi hapakuwa na kitu cha kusoma, kwa sababu mambo yote yalikuwa mgongoni. Wakaanza kumwogopa. Wakawa wanakimbia kila akikohoa. Jioni sarafu zake za plastiki zilikuwa rundo linaloziba kidevu.

Siku ya pili alikuja bwana mwenye maduka ya dawa, yule anayebandika tarehe mpya juu ya dawa za zamani. Alikuwa ameshapata habari kwa Mkandarasi, akalipa bahasha yake bila kuulizwa mara mbili. Shemeji akamkanda. Naye akasalimika.

Mwongo ana msikilizaji mmoja ambaye yuko naye asubuhi na jioni, hakatizi wala hachoki, na huyo ni yeye mwenyewe. Kinanda alianza kuwaza. Mmoja kushinda ni bahati, lakini wawili? Na tuseme ukweli wote, hakuwa anawaza karata peke yake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusimama: milangoni, koridoni, nyuma ya kamba, akiwachekea watu waliokaa. Aliwacheka wajinga wale, na aliwaonea wivu mpaka kifua kikamuuma. Alitaka siku moja tu avutiwe kiti, awekewe maji, yeye akae na mwingine asimame nyuma yake.

Alimkuta Shemeji kwenye chumba cha wafanyakazi, amelowesha vidole katika beseni la maji ya chumvi.

"Shemeji, niambie ukweli. Zile karata unaziona?"

"Si wewe uliyewaambia naziona?"

"Niliwaambia, ndiyo. Lakini..."

"Kwani ulikuwa unasema uongo?"

Swali hilo Kinanda hakuwahi kuulizwa kwa sauti ya upole namna ile. "Nilikuwa sijui kama nasema kweli," alisema.

"Na wateja wanasemaje?"

"Wanakusifu. Mkandarasi anasema hajapata kuona mtu kama wewe."

"Basi mimi nimsahihishe mteja?" Shemeji alitoa mkono mmoja majini, akaanza kuukausha kidole baada ya kidole.

"Kesho nataka kucheza mimi."

"Cheza. Kazi yangu kukanda."

"Utanikanda?"

"Wale walilipa kiasi gani?"

Alimtajia, kwa kuwa jibu lingine halikumjia haraka.

"Na wewe utalipa hivyo hivyo, leo hii."

"Shemeji, sisi ndugu."

"Ni ndugu kabisa. Ila mkono mtupu haulambwi."

Alijaribu nusu, akajaribu theluthi, akataja jina la mke wake na la marehemu mama mkwe. Shemeji alimaliza kukausha mkono wa pili na kumwambia wapo wakandaji wengine wazuri tu. Kinanda alizitoa bahasha zote mbili. Ya Mkandarasi aliipeleka kwenye dirisha la kiingilio; ya mwenye maduka ya dawa ilizama katika mfuko wa koti jeupe. Mfukoni mwake kilibaki kitambulisho cha nyuki, lakini alitoka mle akitembea kama mwenye hoteli.

Siku ya tatu alivutiwa kiti. Aliwekewa maji na kipande cha limau. Alivaa miwani ya jua, akaagiza chai kwa kidole, akamwita Shemeji kwa kidole hicho hicho. Karata alizozijua ni za kibarazani, zile za kupigizana mezani kwa kelele, lakini hakuona sababu ya kujifunza zaidi.

Shemeji alianzia bega la kushoto. Kinanda akatupa. Bado bega la kushoto. Akatupa wafalme wawili bila majuto, kwa imani ambayo misikiti na makanisa ya mji yangeionea fahari. Kisha vidole vilipanda taratibu, vikaishika shingo kwa nguvu zote. Alisukuma kila kitu katikati ya meza, na ndipo alipochungulia karata zake: mbili na saba, karata mbovu kuliko zote, hazilingani hata rangi. Mbele yake bibi mmoja mstaafu, aliyekuwa akifuma sweta kati ya mchezo na mchezo, aliweka sindano chini, akasukuma sarafu zake mbele na kusema, "Nakuona, mwanangu." Alikuwa na malkia wawili. Kinanda alitolewa mashindanoni kabla chai yake haijapoa.

"Umenishika shingo," alinong'ona koridoni.

"Imekaza, Shemeji. Tangu nianze kazi hii sijakutana na shingo iliyokaza hivyo. Hulali?"

"Na karata?"

"Karata gani?"

Kinanda alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza kinanda hakikutoa sauti. Shemeji alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akamwekea mikononi.

"Nirudishie stoo. Leo nimeaga. Na usijisumbue tena kutafuta chumba, kimepatikana karibu na soko. Nimekilipia asubuhi, na kitanda kinaletwa jioni." Akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni.

Kinanda alisimama na koti la Shemeji mkononi. Alijaa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, kwa sababu alipiga hesabu upya na kuona kwamba mwanamke yule hakumdanganya hata neno moja. Aliamua kuondoka mjini. Alifika kwenye mlango wa nyuma, na hapo mkono mzito ukatua begani mwake.

"Nasikia mkandaji wangu ameacha kazi," alisema Mkandarasi.

"Mambo ya kifamilia, bosi. Anakuomba radhi."

"Kesho ni siku ya nne. Nilikulipa mpaka mwisho."

"Bosi, haya mambo, unajua, hata tukifikishana mbele ya..."

"Kushtaki siwezi, hilo nalijua. Lakini wiki ijayo namwaga lami kwenye barabara mpya. Ina mashimo makubwa, na nimekuwa nikitafuta kitu cha kuyajazia." Alimtazama Kinanda kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayekadiria urefu. "Yule mama alijifunza wapi?"

"Hakujifunza," alisema Kinanda, ambaye mdomo wake ulikuwa umeanza kupiga tena bila kumwomba ruhusa. "Ni kipaji cha ukoo."

"Na wewe ni wa ukoo huo?"

"Kwa upande wa mke."

"Inatosha. Vaa koti."

Msimamizi wa wakandaji alikuwa na upungufu wa watu, hakuuliza maswali. Siku ya nne Kinanda alisimama nyuma ya kiti cha Mkandarasi, mikono ya koti ikiishia karibu na viwiko, akikanda mgongo mpana wenye jasho. Kwa woga alibaki kwenye bega la kushoto. Mkandarasi alitupa, akatupa tena, na rundo la sarafu likawa linapungua.

"Mbona leo kushoto tu?"

"Hali si nzuri, bosi."

"Hali yako au yangu?"

Saa zikapita. Vidole vya Kinanda, ambavyo kazi yake yote duniani ilikuwa kupokea, vilivimba na kushikwa na ganzi. Alipoona anaanguka, alishika kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake, na kitu hicho kilikuwa shingo ya Mkandarasi.

Mkandarasi alisukuma kila kitu mezani.

Kinanda alifumba macho. Alisikia karata ikigeuzwa, kiti kikilia, watu wakishusha pumzi kwa pamoja. Aliwaza lami, jinsi inavyokuwa ya moto ikimwagwa. Alipofumbua macho, rundo lilikuwa limerudi, limekuwa mara mbili, na bibi wa sweta alikuwa anakusanya nyuzi zake aende nyumbani.

"Unaona?" alisema Mkandarasi bila kugeuka. "Kumbe na wewe unaziona."

Kinanda alivitazama vidole vyake. Inasikitisha kulisema, lakini kwa muda mfupi alijiuliza kama ni kweli.

"Bosi," alisema kwa sauti ndogo, "haya mashindano yanaisha lini?"

"Bado kabisa, ndiyo kwanza yanachangamka," alisema Mkandarasi, akizipanga sarafu zake kwa rangi. "Kesho saa nne uwe hapa. Na ukate kucha."